Takwimu za Mtaa Wako Jijini Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam ambaye anataka kujua kata yake ina watu wangapi, imekua kwa kiasi gani, na namba anazozisikia kwenye mikutano zimetoka wapi. Hauhitaji kuwa umesoma hesabu zaidi ya kujumlisha, kutoa na kutafuta asilimia. Unachohitaji zaidi ni subira ya kusoma jedwali pamoja na maelezo yake, kwa sababu makosa mengi tunayokutana nayo hutokana na mtu kuichukua namba na kuyaacha maelezo yaliyo chini yake.

Nikitaka kujua idadi ya watu wa mahali ninapoishi, nianzie wapi?

Anzia kwenye Sensa ya Watu na Makazi. Sensa ndiyo kazi pekee ya kitakwimu inayomfikia kila mtu katika kila kaya, na kwa hiyo ndiyo pekee inayoweza kukupa namba ya kuaminika katika ngazi ndogo ya utawala. Tangu Muungano zimefanyika sita: mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Matokeo hutolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo wengi wanaiita NBS, na ripoti zake hupatikana bila malipo katika tovuti yake, nbs.go.tz.

Ripoti ni nyingi, na msomaji mgeni hupotea humo kwa urahisi. Unayoitafuta kwanza ni ile inayoonyesha mgawanyo wa watu katika maeneo ya utawala, yaani inayoshuka kutoka mkoa hadi wilaya na kutoka wilaya hadi kata, ikitenganisha wanaume na wanawake. Kabla ya kuifungua, hakikisha unalijua jina rasmi la kata yako, kwa kuwa majina tunayoyatumia mitaani si lazima yafanane na yale ya serikali. Watu wengi hutaja kituo cha daladala kama jina la mahali wanapoishi, na kituo kimoja chaweza kuwa mpakani mwa kata mbili. Mtendaji wa mtaa atakueleza kwa dakika moja uko kata gani.

Jedwali linasema Jiji la Dar es Salaam lina watu 1,649,912, lakini kila mtu anasema tuko zaidi ya milioni tano. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika Sensa ya mwaka 2022. Namba ya 1,649,912 ni ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo eneo lake ni wilaya ya Ilala peke yake. Mwaka 2021 halmashauri ya jiji ya zamani ilivunjwa, na manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi na kuchukua jina la Jiji. Tangu hapo neno "jiji" lina maana mbili: katika mazungumzo ni Dar es Salaam yote kuanzia Bunju hadi Kigamboni, na katika majedwali ni Ilala. Halmashauri nyingine nne za mkoa ni Temeke yenye watu 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Ukizijumlisha zote tano utapata namba ya mkoa bila kupungua hata mtu mmoja, na tunakushauri ufanye hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu, maana mtu aliyewahi kulijumlisha jedwali halisahau.

Je, ni kweli kwamba Kinondoni imepoteza karibu nusu ya wakazi wake?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi kuliko mengine, na linastahili jibu refu, kwa kuwa ukilielewa hili utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya kazi ya kusoma takwimu za mahali.

Katika Sensa ya mwaka 2012 Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049. Mwaka 2022 ilikuwa na watu 982,328. Anayeziweka namba hizi mbili pamoja bila kuuliza zaidi ataandika kwamba watu wapatao laki nane wamehama, kisha ataanza kutafuta sababu: kodi za nyumba, bomoabomoa, foleni za magari. Sababu zote hizo zitakuwa za kubuni, kwa sababu hakuna waliohama. Kilichohama ni mpaka. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na wilaya tatu tu, Kinondoni, Ilala na Temeke. Baada ya hapo Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke.

Ili kulinganisha kwa haki, irudishie Kinondoni sehemu yake. Kinondoni na Ubungo kwa pamoja zilikuwa na watu 2,069,240 mwaka 2022, yaani ongezeko la watu 294,191 au asilimia 16.6 kwa miaka kumi. Temeke na Kigamboni kwa pamoja zilitoka 1,368,881 hadi 1,664,576, ongezeko la asilimia 21.6. Ilala, ambayo haikugawanywa, ilitoka 1,220,611 hadi 1,649,912, ongezeko la asilimia 35.2. Kumbe wilaya iliyoonekana kuporomoka ilikuwa inakua, na habari kubwa iko Ilala, ambako zaidi ya asilimia 42 ya ongezeko lote la mkoa lilitokea. Anayeijua Ilala ataelewa kwamba watu hao hawakwenda Upanga wala Kisutu, bali kwenye viwanja vya pembezoni upande wa Chanika, Msongola na Kivule.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi katika kata. Kata hugawanywa, hupewa majina mapya, na wakati mwingine kipande cha moja huhamishiwa nyingine. Kabla hujasema kata yako imekua au imepungua, muulize mtu aliyeishi hapo tangu kabla ya mwaka 2012 kama mipaka yake ni ileile. Wazee wa mtaa wanaikumbuka mipaka kuliko majedwali.

Mbona inasemekana Dar es Salaam inakua polepole kuliko nchi nzima? Ninavyoona mimi, watu wanaongezeka kila siku.

Unachokiona ni sahihi, na takwimu nazo ni sahihi. Kati ya mwaka 2012 na 2022 idadi ya watu Tanzania ilikua kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka, kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120. Mkoa wa Dar es Salaam ulikua kwa takriban asilimia 2.1. Lakini geuza macho uutazame mkoa wa Pwani, unaopakana nao: ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, karibu mara mbili. Jiji limevuka mpaka wake wa kiutawala. Mtu aliyejenga upande wa Mkuranga au Kibaha na kupanda daladala alfajiri kwenda kazini Kariakoo anaishi maisha ya Dar es Salaam, ila amehesabiwa Pwani. Ukisoma takwimu za mkoa mmoja bila za jirani yake, utalipoteza wimbi lote la watu hao.

Kata yetu ni ya biashara na mchana haina pa kukanyaga. Kwa nini Sensa inaonyesha wakazi wachache hivyo?

Kwa sababu Sensa haiwahesabu watu wa mchana. Inamhesabu kila mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya Sensa, ambao kwa mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kariakoo ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote: Sensa ya mwaka 2012 iliikuta kata hiyo na watu 13,780 tu. Asubuhi moja ya kawaida, Mtaa wa Kongo peke yake unaonekana kubeba umati huo wote. Wachuuzi, wapagazi, wanunuzi kutoka mikoani na wafanyabiashara kutoka Zambia na Kongo wote wapo hapo saa nne asubuhi, lakini usiku wamelala Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto au katika nyumba za wageni.

Jambo hili lina uzito wa kweli. Ikiwa vyoo vya umma, mapipa ya taka na askari wa doria watapangwa kwa kufuata idadi ya waliolala, kata ya sokoni itapata huduma za watu elfu kumi na kitu huku ikiwahudumia wengi zaidi. Wakazi wa kata za namna hiyo wana haki ya kusema katika vikao kwamba Sensa ni ya usiku, na kwamba mzigo wa mchana unahitaji hesabu yake.

Upo pia upande wa pili, ambapo namba ya mdomoni huwa kubwa kuliko ya Sensa. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba Kibera, jijini Nairobi, ina watu milioni moja au zaidi, hadi Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilipohesabu watu 170,070. Namba ikirudiwa sana hupata heshima ambayo haikuifanyia kazi, na kwa hiyo ukiisikia namba kubwa ya mviringo kuhusu mtaa wako, uliza kwanza nani alihesabu, na alihesabu lini.

Kaya ni nini, na inatofautianaje na nyumba?

Kaya ni mtu au watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, wakichangia mahitaji ya maisha. Nyumba ni jengo. Tofauti hii huonekana ndogo hadi ufike Uswahilini.

Chukua nyumba moja ya vyumba sita, yenye ukumbi mrefu katikati na milango mitatu kila upande. Chumba cha kwanza anakaa mwenye nyumba, mama mtu mzima, na wajukuu wawili. Kinachofuata ni cha mume na mke wenye mtoto mchanga. Cha tatu wamepanga vijana wawili wa bodaboda, wanaochangia kodi lakini kila mmoja anakula kwake, mmoja kwa mama ntilie na mwingine anajipikia. Ng'ambo ya ukumbi kuna fundi cherehani na mdogo wake, kisha muuguzi anayeishi peke yake, na chumba cha mwisho ni cha binti wa mwenye nyumba ambaye ameolewa, ila yeye na mumewe bado wanakula kwa mama. Hapo kuna jengo moja, vyumba sita, na karani wa Sensa aliyefanya kazi yake vizuri ataandika kaya sita: wale vijana wawili ni kaya mbili ingawa wanalala chumba kimoja, na binti na mumewe ni sehemu ya kaya ya mama ingawa wana chumba chao. Majiko yaliyo uani yanamwambia karani mengi kuliko milango.

Kwa hiyo usomapo kwamba wastani wa watu katika kaya nchini ulishuka kutoka 4.7 mwaka 2012 hadi 4.3 mwaka 2022, usidhani kwamba nyumba zimekuwa na nafasi zaidi. Kaya ndogo nyingi zinaweza kubanana chini ya bati moja. Anayetaka kujua msongamano halisi atafute idadi ya watu kwa kila chumba cha kulala.

Naweza kupata kiwango cha umaskini, au cha malaria, cha mtaa wangu?

Kwa kawaida huwezi, na yeyote anayekupa namba ya namna hiyo anapaswa kueleza ameipataje. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, uliokuta kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, ulitumia sampuli, yaani ulizihoji kaya chache zilizochaguliwa kuwakilisha nyingine. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 nao ulitumia sampuli. Sampuli hupangwa ili itoe jibu sahihi kwa taifa na kwa mkoa. Ukitaka kuishusha hadi kwenye kata utakuta labda kaya chache zilizohojiwa, au hakuna kabisa.

Sensa yenyewe inakupa njia ya kuzunguka. Iliuliza kuhusu vifaa vya ujenzi wa paa, kuta na sakafu, chanzo cha maji ya kunywa, aina ya choo, nishati ya kupikia na ya kuangazia. Hizo hazipimi kipato, ila zinaeleza hali ya maisha vizuri kuliko namba moja ya umaskini.

Vipi kuhusu shule na vituo vya afya?

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huchapisha matokeo ya kila shule, hivyo unaweza kuifuatilia shule ya msingi ya mtaani kwako mwaka hadi mwaka. Tazama kwanza idadi ya watahiniwa kabla ya asilimia ya ufaulu. Shule yenye watahiniwa 20 ikifelisha wanafunzi wawili zaidi ya mwaka jana, ufaulu wake unashuka kwa asilimia 10. Shule yenye watahiniwa 200 ikifelisha hao hao wawili, unashuka kwa asilimia moja. Hilo halikuzuii kumuuliza mwalimu mkuu, ila linakuzuia kumlaumu kwa sababu ya watoto wawili.

Kwa vituo vya afya, Wizara ya Afya ina orodha ya kitaifa inayoonyesha kila zahanati, kituo na hospitali, pamoja na mahali ilipo na mmiliki wake.

Kwa nini sioni takwimu za dini wala kabila?

Kwa sababu hazikuulizwa. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza mambo hayo Tanzania. Ukikutana na asilimia za dini za kata fulani zinazodaiwa kutoka Sensa ya 2022, zikatae.

Kuna ramani ninazoweza kuzitumia?

Zipo, na kwa Dar es Salaam ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwakusanya wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wenyewe, wakachora kata zilizo katika hatari ya mafuriko: nyumba, vichochoro, mitaro, visima, magati ya maji. Ramani hizo zimewekwa katika OpenStreetMap, ambayo kila mtu anaweza kuiona na kuirekebisha. Ukiishi karibu na Bonde la Msimbazi, weka idadi ya watu wa kata yako pembeni ya ramani inayoonyesha mtaro unapoishia, na utapata hoja ambayo jedwali peke yake haliwezi kuijenga.

Niliyojibu kwenye Sensa yanaweza kuonekana na jirani yangu au mwenye nyumba?

Hapana. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inalinda taarifa za mtu mmoja mmoja, na kinachochapishwa ni jumla tu. Ndiyo sababu baadhi ya majedwali hayashuki chini ya kata.

Naruhusiwa kufanya hesabu zangu mwenyewe na kuzitangaza?

Ndiyo. Wapo wanaosita kwa sababu wanakumbuka marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, yaliyotaka idhini kabla ya kutangaza takwimu na kuweka adhabu. Mwaka 2019 Bunge lilirekebisha tena sheria hiyo na kulegeza masharti hayo. Unachopaswa kukizingatia ni uwazi: ukihesabu magati ya maji ya mtaa wenu, andika tarehe, mipaka mliyoizungukia, nani walihesabu, na mlichukulia nini kuwa gati linalofanya kazi. Usiandike kwamba ni takwimu rasmi za serikali, na usichukue majina ya watu mahali ambapo idadi inatosha.

Daftari la ofisi ya mtaa lina idadi tofauti na ya Sensa. Nishike ipi?

Zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Daftari la wakazi hujazwa na wanaojitokeza kujiandikisha, na mpangaji aliyehama mara nyingi hubaki humo kwa miaka. Sensa ni picha ya usiku mmoja, iliyopigwa kwa utaratibu uleule nchi nzima, ila inazeeka. Ukitaka kuilinganisha kata yako na nyingine, tumia Sensa. Ukitaka kujua nani yupo leo kwa ajili ya mgao wa vyandarua, daftari lililosafishwa linafaa zaidi. Ofisi ikikunyima taarifa ambayo ni ya umma, andika barua ukiitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na uhifadhi nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Mimi niko Zanzibar au Kenya. Maelezo haya yananihusu?

Namna ya kusoma ni ileile, majina ndiyo yanabadilika. Zanzibar, iliyohesabiwa kuwa na watu 1,889,773 mwaka 2022, hutumia shehia pale Bara inapotumia mtaa, na takwimu zake ziko kwa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Ukiwa Kenya, uwe makini na maneno: kinachoitwa kata huku sicho kinachoitwa kata huko. Wadi ni eneo la uwakilishi, ilhali kata na kata ndogo ni za utawala, na Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 imepangwa kwa hizo za pili.

Tangu mwaka 2022 kata yetu imejaa wageni. Namba za Sensa bado zina maana?

Zina maana kama mahali pa kuanzia. NBS hutoa makadirio ya idadi ya watu kwa miaka inayofuata Sensa, na ukiyatumia uandike wazi kuwa ni makadirio. Katika kata iliyopata barabara mpya au viwanja vipya, makadirio yaweza kubaki nyuma ya hali halisi. Hapo tafuta dalili ambazo serikali yenyewe inaziandika kila mwaka: uandikishaji wa darasa la kwanza katika shule ya kata na idadi ya watoto waliochanjwa zahanati. Andikisho likipanda kwa miaka mitatu mfululizo huku idadi ya madarasa ikibaki ileile, chukua karatasi moja, weka namba hizo pamoja na ile ya Sensa, taja kila moja ilikotoka, kisha mwombe mwenyekiti aiingize katika ajenda za mkutano ujao wa mtaa. Peleka nakala mbili, moja ya mwenyekiti na moja ya kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, ili waliokosa kufika nao waisome.